Taa kuukuu inapogoma: dalili, sababu na tiba katika nyumba za Mji Mkongwe

Watu huniletea taa mkononi. Thurea, ile taa kubwa ya matawi ya kuning'inia, iliyofungwa ndani ya shuka, kandili la shaba lililotolewa sandukuni, fanusi ya vioo vya rangi iliyokaa darini tangu enzi za babu. Neno ni lile lile: "Fundi, taa hii mbovu." Naipeleka mezani, naipima, na mara nyingi taa haina kosa kubwa. Kosa liko nyumbani: waya uliokauka ndani ya ukuta wa mawe na chokaa, chumvi ya bahari iliyoingia kwenye swichi, boriti iliyobunguliwa juu ya kulabu. Taa kuukuu inasingiziwa sana. Kwa hiyo unapofuata dalili zilizomo humu, kila mara jiulize kwanza kama unachokitafuta kiko kwenye taa au kiko kwenye nyumba.

Mifano yangu ni ya Unguja mjini, lakini aliye Lamu, Mombasa au Bagamoyo ataitambua nyumba yake.

Kabla hujapanda ngazi

Zima meni swichi, ile kubwa inayokata umeme wa nyumba nzima. Swichi ya ukutani haitoshi, na sababu utaiona tukifika kwenye taa yenye "jini". Kisha pima. Tesa ya bisibisi inasaidia lakini inadanganya: inaweza kuwaka kwa umeme wa kuambukizwa na waya wa jirani, na inaweza kukaa kimya ilhali umeme upo. Bora mita yenye ncha mbili. Ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, halafu ipime taa, halafu irudishe kwenye ile soketi uhakikishe kwamba mita yenyewe haikufa katikati ya kazi.

Rangi za waya zisikudanganye. Waya za zamani: nyekundu ndio moto, yaani waya unaoleta umeme, nyeusi ni nyutro, unaourudisha, kijani ni ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Waya za sasa: kahawia ni moto, buluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa manjano ni ethi. Nyumba moja inaweza kuwa na zote mbili, na juu yake kazi ya fundi fulani aliyetumia waya wowote uliokuwa mfukoni. Pima, usisome rangi.

Dalili: taa haiwaki kabisa

Anza na globu. Najua inachekesha, lakini ijaribu kwenye taa nyengine kabla hujafungua kitu chochote.

Globu ikiwa nzima, mtuhumiwa wa pili ni holda, pale globu inapokaa. Holda za zamani hapa kwetu nyingi ni zile za kusukuma na kuzungusha, zenye vipini viwili vya shaba ndani vinavyokaa juu ya springi. Joto la miaka huiua springi, na hewa ya chumvi huota ukungu wa kijani kwenye vipini. Umeme ukiwa umezimwa, vibonyeze kwa ncha ya kijiti: kila kimoja kirudi juu chenyewe. Kisichorudi, au kinachorudi kwa uvivu, kimekwisha. Kuvikwangua kwa msasa laini kutakupa wiki chache tu, kwa hiyo badilisha holda nzima. Zipo mpya za shaba au kauri zinazoingia mahali pale pale bila kuharibu sura ya taa, nayo ile kongwe itunze ndani ya mfuko.

Tatu, maungio ya silingi rozi, kile kikombe cha darini. Ukikifungua ukakuta waya zimesokotwa na kuzungushiwa selotepu iliyogeuka gundi nyeusi, umempata mwizi. Kata, menya upya, tia konekta yenye skrubu, kaza, kisha vuta kila waya mmoja mmoja. Unaochomoka haukuwa umefungwa.

Nne ni swichi. Tano, na hii ndiyo kazi yenyewe, ni waya uliokatika ndani ya mkono wa taa.

Waya za taa hizi zilivishwa mpira na juu yake kitambaa cha pamba. Mpira ule haukuumbwa kuishi zaidi ya miaka thelathini hivi, na katika joto la juu ya globu hufa mapema zaidi. Ukiukunja unavunjika kama ganda la jugu kavu. Waya wa namna hiyo haurekebishwi kwa tepu. Unatolewa wote.

Usiuvute tu. Waya uliokufa ndio msaidizi wako wa kuupitisha mpya kwenye mkono uliopinda kama shingo ya bata. Kwenye ncha yake funga mshipi wa kuvulia, zungushia uzi vizuri ili fundo lisiwe nene, kisha vuta upande wa pili taratibu mpaka mshipi utokee. Ukikatikia ndani, usikate tamaa. Chukua mshipi mpya, ufunge kipande kidogo cha pamba kwenye ncha, weka mdomo wa mashine ya kuvuta vumbi upande wa pili, pamba itapita. Sasa vuta waya mpya, ule wa silikoni unaostahimili joto, milimita mraba 0.75. Upake poda ya mtoto. Mimi huwa nasikiliza: waya unaopita vizuri unanong'ona ndani ya shaba, na unaokwaruza unamenywa na ukingo mkali mahali fulani. Ukikwaruza, rudisha nyuma, tafuta ukingo huo, usugue kwa tupa ya mviringo, utie kipete cha mpira.

Jambo moja la kusimama hapa. Ukikuta karibu na holda nyuzi nyeupe au za kijivu kama pamba ngumu, au karatasi nene ya kijivu inayofumuka, huenda ni asbesto. Usiipulize, usiisugue, usiipige brashi. Funga taa ndani ya mfuko wa plastiki na utafute mtu anayejua kazi hiyo. Rangi kuukuu kwenye taa za chuma nayo inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo usiipige msasa mkavu.

Dalili: inacheza, inawaka ukiigusa

Hii karibu kila mara ni muungano uliolegea, katika mpangilio ule ule wa juu: globu kwenye holda, skrubu za holda, silingi rozi, swichi. Usiizoee taa ya kupiga kofi. Muungano uliolegea unatoa cheche, cheche zinachoma, na juu ya silingi rozi yako kuna mti mkavu wa miaka mia.

Angalia pia kama aliyetangulia aliizungusha thurea nzima ili "ikae sawa". Taa inayozungushwa inasokota waya ndani ya shina mpaka ukatike. Ukitaka kuigeuza, legeza mnyororo au skrubu ya kufungia, usiisokote.

Zikicheza taa zote za nyumba, achana na thurea. Tatizo liko kwenye umeme unaoingia. Na kama baadhi ya taa zinang'aa kupita kiasi huku nyengine zikififia, hapo nyutro imepotea. Zima meni swichi mara moja, chomoa friji na televisheni, piga simu shirika la umeme. Hilo haliguswi na fundi wa mtaani.

Dalili: imezimwa, lakini usiku inawaka kidogo

Bi mkubwa mmoja wa mtaa wa Kiponda aliniita kwa ajili hiyo. Alikuwa amehamia kwenye globu za LED, na kila usiku kandili lake la ukumbini lilikuwa na mwanga hafifu kama jicho la paka. "Mwanangu, taa hii ina jini."

"Bi mkubwa, jini wako anakaa kwenye swichi."

Na kweli alikuwa huko. Swichi ilifungwa kwenye nyutro badala ya waya wa moto. Ukiizima, taa inazimika, lakini moto umebaki kwenye holda siku zote. Globu ya zamani haikuona tofauti. LED, inayowashwa na umeme kidogo sana, ndiyo iliyofichua siri ya miaka. Hii ndiyo sababu ya kuzima meni swichi. Mtu anayebadilisha globu akiamini swichi ya ukutani anaweza kushika moto mkononi.

Namna ya kuhakikisha: umeme ukiwepo na swichi ikiwa imezimwa, fundi anapima kati ya kila kipini cha holda na ethi. Kikionyesha takriban volti 230, jini ameonekana. Tiba ni kuhamisha swichi iwe kwenye moto.

Kikionyesha volti chache zinazoyumba, sababu ni ndogo zaidi: waya mrefu wa swichi umepita bega kwa bega na waya wa moto, au swichi ina kitaa chake kidogo cha kuonekana gizani. Kubadilisha aina ya LED mara nyingi kunamaliza maneno.

Taa zenye holda za kuzungusha tu, kama skrubu, zina kosa la ndugu yake. Waya wa moto uende kwenye kitufe cha kati chini, na nyutro kwenye ule mzunguko wa nyuzi. Vikibadilishana, uzi wa chuma unaoushika unapofungua globu ndio wenye moto.

Dalili: shaba inang'ata ukiigusa

Hapa hakuna ukaguzi mwepesi wala mzito. Zima meni swichi, usiguse tena, ita fundi mwenye leseni. Nitakueleza sababu ili umwelewe atakapofika, si ili uzitafute wewe.

Mara nyingi waya mkavu umevua gamba ndani ya shina na moto umegusa chuma. Hilo peke yake lingeangusha breka, ile swichi inayojizima yenyewe umeme ukiwa na kosa, kama kungekuwa na ethi. Lakini nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilifungwa waya mbili tu za taa, moto na nyutro, hakuna ethi hata ya dawa. Kwa hiyo taa nzima inakaa na volti 230 ikikusubiri wewe uwe ethi yake, umesimama kwenye sakafu ya chokaa yenye unyevu.

Tiba ni kupitisha waya wa tatu kutoka kwenye boksi la umeme mpaka kwenye mwili wa taa. Usikubali maneno ya "mnyororo ni chuma, unatosha". Pete za mnyororo zinashikana kwa bahati na kutu. Usikubali pia fundi anayeunganisha ethi na nyutro juu ya taa ili "ipate ethi": siku nyutro ikikatika, taa yote inakuwa moto. Kama waya wa tatu haupitiki bila kuvunja ukuta, basi taa ya chuma isitundikwe pale. Weka holda ya plastiki na uitundike thurea chumba kingine.

Dalili: breka inaanguka, zaidi wakati wa masika

Fundi akija Februari anasema kuzuri. Mwezi wa Nne breka inaanguka kila jioni. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zinavuta maji na kuyatoa. Ndivyo zilivyojengwa, ukuta unapumua. Umeme uliofungwa ndani yake ndio usioweza kuogelea.

1. Chomoa globu zote za taa husika, rudisha breka. Ikikaa, tia moja moja. Utaipata yenye kosa.
2. Ikianguka bila globu, zima umeme, tenganisha taa kwenye silingi rozi, ziba ncha kwa konekta, rudisha. Ikikaa sasa, kosa liko kwenye taa. Ikianguka bado, kosa liko ukutani au darini, na taa imesingiziwa.
3. Tazama juu: je, chumba cha juu kina bafu? Paa lina ufa? Doa la kahawia karibu na kikombe cha taa ni jibu tosha.

Sehemu kubwa ya kesi za masika zinaishia kwenye namba mbili au tatu. Hapo fundi analeta mega, chombo kinachosukuma volti 500 kupima magamba ya waya, na kipimo kikiwa chini ya megaohomu 1 waya huo haufai. Kabla hajapima, LED na vifaa vyote vichomolewe, ama vitaungua.

Wengine wataka kuondoa ile breka yenye kitufe cha majaribio, inayokata umeme ukivuja miliamperi 30, "kwa sababu inasumbua". Inasumbua kwa kuwa inafanya kazi yake. Yule bi mkubwa na jini wake alikuwa hana hata moja.

Kosa jengine la wakati huu wa sasa: kuta kupakwa saruji juu ya chokaa. Saruji inafungia unyevu ndani, maji yanatafuta njia, na njia nyepesi ni tundu la boksi la swichi. Ukitengeneza ukuta baada ya kupitisha waya, rudishia chokaa.

Dalili: harufu ya kuungua, holda imebadilika rangi

Globu kubwa mno. Taa ya kioo kilichofungwa iliyotengenezwa kwa wati 40 haikubali 100 hata kama inaingia. LED ya wati 8 au 9 inatoa mwanga wa globu ya zamani ya wati 60 kwa joto dogo, na ukichagua ya rangi ya joto, kelvini 2700, shaba inapendeza. Tahadhari: LED ndani ya fanusi iliyofungwa kabisa nayo hupika na kufa mapema. Chagua yenye maandishi kwamba inaruhusiwa kwenye taa iliyofungwa.

Harufu ikiendelea na globu ndogo, ni muungano uliolegea. Harufu ikitoka ukutani au darini, zima na usiwashe tena mpaka fundi afungue.

Dalili: taa imeinama, chini kuna unga wa chokaa

Hili ndilo linalonitisha kuliko shoti. Shoti utaisikia, boriti haisemi.

Sababu ya kwanza ni kulabu iliyokazwa kwenye plasta. Mtu ametoboa chokaa, ametia plagi ya plastiki, akakaza skrubu. Chokaa ni laini, plagi inatanuka na kuisaga, na kila taa ikiyumba kwa upepo wa kaskazi tundu linaongezeka. Plagi za plastiki ni za saruji. Kwenye chokaa hazina kazi ya kubeba kitu juu ya kichwa cha mtu.

Ya pili ni kulabu ya chuma iliyoliwa na kutu. Juu inaonekana nene, lakini pale inapoingia kwenye mti imebaki kama uzi. Ichomoe uione. Mpya iwe ya chuma cha pua, na hapa karibu na bahari chagua daraja la 316.

Ya tatu ni boriti yenyewe. Gonga kwa mpini wa bisibisi kutoka katikati kuelekea ukutani. Mti mzima unajibu kwa sauti kavu, uliobunguliwa unajibu kama dafu tupu. Kisha choma kwa ncha. Ikizama bila nguvu, umepata mchwa au uozo. Tazama zaidi miisho inayoingia ukutani, kwa maana huko ndiko unyevu unakokaa na ndiko boriti huanza kufa, wakati katikati bado inang'aa. Ukikuta boriti laini, njia za udongo za mchwa, au dari lililobonyea, shusha taa na usitundike kitu. Hiyo si kazi ya fundi umeme tena. Juu ya boriti hizo kuna tabaka la mawe na chokaa, uzito ambao hutaki kuuona ukishuka. Sote tuliona Beit al-Ajaib, jumba la 1883, sehemu yake ilivyoporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ita mjenzi anayejua nyumba za chokaa, na kama ni Mji Mkongwe, zungumza na Mamlaka ya Hifadhi kabla ya kubadilisha boriti.

Boriti zikiwa nzima, usitegemee moja. Pitisha ubao wa mti mgumu chini ya boriti tatu, uukaze kwa skrubu za chuma cha pua kwenye kila boriti baada ya kutoboa tundu dogo la kuongoza, kisha kulabu iingie kwenye ubao kwa bolti na nati. Ukipakwa rangi ya boriti hauonekani.

Halafu jaribu. Pima taa kwa mizani, zidisha mara nne, tundika uzito huo kwa saa nzima. Thurea ya kilo 5 ni ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Ifunge kwa kamba ndefu ining'inie shubiri moja tu kutoka sakafuni, ili ikianguka isiumize mtu. Weka alama ya penseli pale kulabu inapoingia kwenye ubao, nenda kanywe chai. Ukirudi ukakuta alama imeshuka hata unywele, anza upya.

Uzito wa taa ubebwe na mnyororo. Waya uwe na ulegevu kidogo. Ukiuona umenyooka kama uzi wa pima, ndio unaobeba.

Dalili: shaba imesafishwa, imerudi kijani

Ndimu na chumvi vinang'arisha mbele ya macho, nimekua navyo. Lakini chumvi inayobaki kwenye mapambo ndiyo inayoalika ukijani, na hewa ya bahari inamalizia. Sabuni zenye amonia ni mbaya zaidi, zinaweza kuipasua shaba iliyokunjwa. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, suuza mara mbili, kausha kabisa, paka nta ya nyuki tabaka jembamba, futa kwa kitambaa.

Kabla ya hayo pitisha sumaku. Ikishika, shaba yako ni ngozi tu juu ya chuma, na ukisugua utafika kwenye kutu. Na ule weusi wa vifundoni uache. Mnunuzi anayejua anautafuta kwanza.

Kandili la mafuta lililogeuzwa la umeme

Umeme ulipokatika kisiwani kwa miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, makandili na karabai yalitoka makabatini. Baadaye mengi yaligeuzwa. Matatizo yake karibu yote ni tundu la waya lililotobolewa kwenye tungi, lile chombo la mafuta, bila kipete cha mpira, na mafuta ya taa yaliyobaki ndani. Lioshe tungi kwa maji ya sabuni, liache wazi juani siku kadhaa mpaka lisiwe na harufu, ndipo utie waya. Tena mwombe fundi asitoboe tungi kabisa kama kuna njia ya kupita pale utambi ulipokuwa ukitokea.